Kiyoshi Shiga: Daktari Aliyefichua Kimelea cha Kuhara Damu

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika muda wa siku mbili tu. Wananchi wa Ngara, ambao miezi michache kabla ya hapo walikuwa wamewapokea wakimbizi wa Burundi, waliishuhudia Benaco ikigeuka kuwa mji wa turubai usio na mitaa wala mabomba. Mahali penye watu wengi, maji machache na vyoo vichache, kuhara damu hakuchelewi kubisha hodi, nako kukawa miongoni mwa maradhi yaliyowaelemea watumishi wa afya katika kambi zile. Miezi mitatu baadaye, wakimbizi wengine wa Rwanda walipofurika Goma, mashariki ya Kongo, walikufa watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza, kwa kipindupindu kwanza na kuhara damu baadaye. Wataalamu walipozipima sampuli za Goma walibaini kwamba kimelea cha kuhara damu kilikuwa hakisikii tena dawa zilizozoeleka.

Kimelea hicho kinaitwa Shigella. Jina hilo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, na limo pia katika misimbo ya magonjwa ambayo hospitali hutumia kuandika ugonjwa wa kila mtu anayelazwa. Wengi wanaolitamka hawajui kwamba ndani yake limefichwa jina la mtu, daktari wa Kijapani Kiyoshi Shiga, aliyefariki dunia mwaka 1957.

Shiga alizaliwa tarehe 7 Februari 1871 katika mji wa Sendai, kaskazini mashariki ya Japani, akaitwa Naokichi Sato. Baba yake alikuwa mtumishi wa utawala wa zamani wa jimbo hilo. Mapinduzi ya mwaka 1868 yaliyomrejeshea Mfalme Meiji mamlaka yalikuwa yamewaondolea watumishi wa namna yake cheo na riziki, na familia ikaingia katika dhiki. Mtoto akalelewa upande wa mama yake, akachukua ukoo wa mama huyo, Shiga, na jina jipya la Kiyoshi. Mwaka 1886 alihamia Tokyo kwa masomo, mwaka 1892 akaingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kusomea udaktari, na mwaka 1896 akahitimu.

Alipohitimu hakwenda kufungua kliniki. Alijiunga na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza iliyoongozwa na Shibasaburo Kitasato, mwanasayansi aliyekuwa amesoma Ujerumani chini ya Robert Koch na aliyeshiriki mwaka 1890 kugundua tiba ya seramu dhidi ya pepopunda. Ilikuwa bahati njema kwa kijana wa miaka 25 kuwekwa mikononi mwa mwalimu wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata Japani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa ambao Wajapani waliuita sekiri, neno linaloandikwa kwa alama mbili, moja ya wekundu na nyingine ya kuharisha. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi. Katika nusu ya pili ya mwaka 1897 waliugua watu wapatao 90,000, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikufa. Kitasato akamkabidhi Shiga kazi ya kutafuta chanzo.

Inafaa kueleza ugumu wa kazi hiyo, kwa sababu ndimo ilimo thamani yake. Kuhara damu kulijulikana tangu zama za kale, lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama ni ugonjwa mmoja au magonjwa kadhaa yenye dalili moja. Madaktari walikuwa wamekwisha kumwona amiba katika kinyesi cha baadhi ya wagonjwa, na kwa wengi suala lilionekana limekwisha. Aidha, kinyesi cha binadamu kimejaa bakteria wa kila aina, wengi wao wasio na madhara. Kuona kijidudu chini ya hadubini hakutoshi kukitia hatiani.

Shiga alichunguza wagonjwa 36. Alikuza bakteria kutoka katika choo chao, kisha akatumia mbinu iliyokuwa mpya wakati ule: alichukua majimaji ya damu ya watu walioanza kupona na kuyachanganya na kila aina ya bakteria aliyoikuza. Aina moja tu iligandamana na kufanya vipande pale ilipokutana na majimaji hayo. Miili ya wagonjwa ilikuwa imekwisha kumtambua adui wake, na Shiga akautumia utambuzi huo kama shahidi. Bakteria aliyepatikana hivyo alikuwa mfupi, mnyoofu, asiye na mwendo. Matokeo yalichapishwa kwa Kijapani mwaka uleule wa 1897, na muhtasari wa Kijerumani ukafuata mwaka 1898. Kitasato, ambaye kwa desturi za maabara nyingi angeweza kulitanguliza jina lake, alimwachia kijana wake achapishe peke yake. Shiga alikuwa na umri wa miaka 26.

Ugunduzi huo ulikipasua kitu kilichokuwa na jina moja kuwa vitu viwili. Kuhara damu kwa amiba kulikuwa ugonjwa mmoja, kuhara damu kwa bakteria kulikuwa mwingine, na dawa ya mmoja haikuwa dawa ya wa pili. Haukupita muda mrefu ikadhihirika kwamba hata bakteria hao si wa aina moja. Mmarekani Simon Flexner alipata jamaa yao wa pili nchini Ufilipino. Mjerumani Walther Kruse alimchunguza bakteria yuleyule wa Shiga nchini kwake na kuacha ubishi wa nani apewe heshima, na kwa miaka mingi vitabu vikawaandika wote wawili. Baadaye walifuata Carl Sonne wa Denmark na Mwingereza John Boyd aliyefanya kazi India. Ukifungua leo toleo la 10 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, utakuta ugomvi na urafiki wote huo umetulizwa katika mistari minne: A03.0 ni kimelea cha Shiga, A03.1 cha Flexner, A03.2 cha Boyd na A03.3 cha Sonne. Kuhara damu kwa amiba kuko mbali kidogo, katika A06.

Shiga hakutosheka na kukifichua kimelea. Alitaka chanjo. Aliwaua bakteria kwa joto, na kabla ya kumdunga mtu mwingine akajidunga mwenyewe. Mahali alipojidunga pakavimba vibaya hadi pakalazimika kupasuliwa. Maumivu hayo yalimwonyesha kwamba sumu ya bakteria huyu ni kali mno, nayo sumu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Aliendelea na majaribio ya seramu, lakini chanjo aliyoitamani hakuipata, na wala dunia haijapata hadi sasa chanjo ya kimelea hicho iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Kuanzia mwaka 1901 hadi 1905 Shiga aliishi Frankfurt, Ujerumani, katika maabara ya Paul Ehrlich. Ehrlich alikuwa akisaka kitu ambacho wengi walikiona ndoto: kemikali itakayomuua kimelea mwilini bila kumuua mwenye mwili. Mwaka 1904 yeye na Shiga walitangaza rangi nyekundu, tripani, iliyoponya panya walioambukizwa vimelea vya jamii ya wale wanaosababisha malale na nagana. Wakazi wa Biharamulo na mapori yake ya mbung'o wanavijua vimelea hivyo kwa hasara ya mifugo na watu. Rangi ile haikuwa dawa ya binadamu, lakini ilikuwa miongoni mwa hatua za mwanzo kabisa za tiba ya kemikali ambayo mwaka 1910 ilizaa dawa ya kaswende.

Katika maabara hiyohiyo ya Frankfurt, muda mfupi baada ya Shiga kurejea Japani, wasaidizi wa Ehrlich waligundua jambo lisilofurahisha. Vimelea vilivyonusurika dozi ya dawa vilizaa vingine visivyoguswa na dawa ileile. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao siku hizi Wizara ya Afya huutaja kwa kifupi cha UVIDA, ulizaliwa karibu pamoja na dawa zenyewe. Watu wengi hudhani ni tatizo la juzi.

Miaka iliyofuata ya maisha ya Shiga ilikuwa ya vyeo zaidi kuliko ya ugunduzi. Mwaka 1914, Serikali ya Japani ilipoihamisha taasisi ya Kitasato na kuiweka chini ya chuo kikuu bila ridhaa yake, Kitasato alijiuzulu na wasaidizi wake wakatoka naye, Shiga akiwamo, wakaanzisha taasisi nyingine. Mwaka 1920 aliteuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Keio. Kisha alikwenda Seoul, Korea, wakati huo ikiwa koloni la Japani, akaongoza hospitali ya serikali ya kikoloni na hatimaye, kuanzia mwaka 1929 hadi 1931, chuo kikuu kilichoanzishwa na utawala huo. Hiyo ni sehemu ya maisha yake ambayo Wakorea huikumbuka kwa jicho tofauti na Wajapani, na ni haki yao.

Ilikuwa pia katika kipindi hicho ambapo jina lake lilianza safari ya peke yake. Mwaka 1919 Aldo Castellani na Albert Chalmers, katika kitabu chao kikubwa cha magonjwa ya nchi za joto, walipendekeza bakteria wa kuhara damu waitwe Shigella. Castellani hakuwa mgeni katika ukanda wa Ziwa Victoria. Mwaka 1902 alikuwa ametumwa Entebbe, Uganda, kuchunguza malale yaliyokuwa yakiangamiza watu kandokando ya ziwa, na huko ndiko alikoviona vimelea vya ugonjwa huo katika majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Hivyo mmoja wa waliokipa kimelea hicho jina la Mjapani alikuwa amefanya kazi ng'ambo ya pili ya maji ambayo mto Kagera huyamimina.

Vita Kuu ya Pili ilimwondolea Shiga karibu kila kitu. Mwaka 1944 alitunukiwa Nishani ya Utamaduni, heshima ya juu ya taifa lake, na mwaka huohuo mkewe Ichiko alifariki kwa saratani ya tumbo. Mwanawe mkubwa alipotea baharini katika safari ya kwenda Taiwan, na mwingine alikufa kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao baba yake na wenzake walikuwa wameupigania kwa nusu karne. Mwaka 1945 nyumba yake ya Tokyo iliteketea kwa mabomu. Akiwa na zaidi ya miaka 70 alirudi katika jimbo lake la kuzaliwa, akaishi kijijini karibu na bahari katika umaskini usiojificha. Mpiga picha Ken Domon alimtembelea mwaka 1949 na kumpiga picha iliyosambaa sana: mzee mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyovunjika, ikashikizwa kwa plasta. Alifariki tarehe 25 Januari 1957, akiwa na umri wa miaka 85.

Wakati anakufa, kimelea chake kilikuwa tayari kimegeuka. Mara baada ya vita dawa za salfa ziliwaponya Wajapani wengi waliougua kuhara damu, lakini ndani ya miaka michache bakteria wengi wakawa sugu kwa salfa. Zikaletwa streptomisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Katikati ya miaka ya 1950 wakaanza kuonekana bakteria wa Shigella waliozishinda dawa zote hizo nne kwa mara moja. Hilo liliwashangaza wataalamu, maana haikuwa rahisi kuamini kwamba bakteria mmoja angepata mabadiliko manne kwa bahati tupu. Mwaka 1959 watafiti wa Kijapani walipata jibu: bakteria wa kawaida wa tumboni aliweza kumkabidhi Shigella kipande cha vinasaba kilichobeba usugu wa dawa zote nne, kama jirani anayempa jirani mwenzake mbegu. Dunia ilijifunza kutoka Japani, na kutoka kwa kimelea cha Shiga hasa, kwamba usugu huambukizwa.

Gharama ya kukosea jina la ugonjwa ilionekana baada ya muda mfupi. Mwaka 1969 kuhara damu kulipolipuka Guatemala na nchi jirani za Amerika ya Kati, katika hatua za mwanzo kulidhaniwa kuwa kwa amiba. Wagonjwa walipewa dawa za amiba, na maelfu walikufa. Ilipobainika kwamba ni kimelea cha Shiga, ikabainika pia kwamba ni sugu kwa dawa kadhaa zilizokuwa zikitegemewa. Miaka zaidi ya 70 baada ya Shiga kuyatenganisha magonjwa hayo mawili, yalikuwa yamechanganywa tena.

Mwaka 1979 kimelea hicho kikazuka kaskazini mashariki ya Zaire, Kongo ya sasa, kikaenea hadi Rwanda, Burundi na Tanzania katika miaka ya mwanzo ya 1980. Dawa zikaanguka moja baada ya nyingine: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, kisha kotrimoksazoli. Ilipoletwa asidi ya nalidiksiki, nayo ilidumu miaka michache tu. Hii ndiyo historia iliyotangulia siku zile za Rusumo mwaka 1994. Watu waliovuka daraja walitoka katika ukanda ambao bakteria wake walikuwa wamepitia mafunzo ya miaka 15. Na kwa kuwa bakteria wasiozidi 100 wanatosha kumwambukiza mtu, dumu moja la maji lililochafuliwa au mkono mmoja usionawa ulitosha kukipeleka kimelea kutoka hema moja hadi jingine.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Katika kituo chochote cha kutolea huduma za afya wilayani Ngara, iwe Mbuba, Rulenge au Kabanga, mgonjwa anayeharisha damu huandikwa katika madaftari ya MTUHA, na kuhara damu ni miongoni mwa magonjwa yanayofuatiliwa kwa karibu na kutolewa taarifa kwa kuwa yanaweza kulipuka. Hiyo ni hatua ya kwanza na ni muhimu. Lakini maneno kuhara damu yanaeleza dalili aliyoiona mama wa mtoto. Hayamtaji mhusika. Kwa kanuni za Ainisho la Kimataifa, kuhara damu ambako chanzo chake hakikuthibitishwa huingia katika msimbo wa jumla, A09, pamoja na aina nyingine za kuhara zinazodhaniwa kuwa za maambukizi. Ili mgonjwa ahamie A03 inahitajika maabara ikuze kimelea, kama Shiga alivyofanya kwa wagonjwa wake 36.

Kuna hatua ya tatu, ambayo Shiga hakuifikiria kwa kuwa wakati wake hapakuwa na haja. Kimelea kikishapatikana, kinapimwa dhidi ya dawa mbalimbali, na matokeo yakionyesha usugu huongezwa msimbo wa pili kando ya ule wa ugonjwa: U82 kwa usugu dhidi ya dawa za jamii ya penisilini, U83 kwa viuavijasumu vingine. Misimbo hii haisimami peke yake. Hufuatana na msimbo wa ugonjwa kama mtoto anavyofuatana na mama. Mgonjwa aliyeandikiwa A09 peke yake, hata kama alikufa kwa sababu dawa haikufanya kazi, hatahesabiwa popote kama aliyeuawa na usugu. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo ililazimika kufanywa kwa kukisia, hasa kwa nchi za Afrika, kwa sababu kumbukumbu zenye msimbo wa usugu ni chache.

Tanzania ilitoa Mpango Kazi wa Taifa wa kwanza wa kukabiliana na UVIDA kwa kipindi cha 2017 hadi 2022, na wa pili kwa kipindi cha 2023 hadi 2028, ikizihusisha sekta za afya ya binadamu, mifugo, kilimo na mazingira. Kwa kuhara damu, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005 linapendekeza siprofloksasini kama dawa ya kwanza. Mwaka 2024 shirika hilohilo liliiweka Shigella sugu kwa jamii ya dawa hiyo katika kundi la vimelea vya kipaumbele cha juu. Mwananchi anayenunua vidonge vinne vya siprofloksasini dukani bila cheti, akameza viwili na kumwekea jirani viwili, anashughulika na dawa ambayo nyuma yake foleni ya mbadala ni fupi.

Toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Usugu umepewa humo nafasi pana zaidi, na bakteria wa kundi la Shigella wakionekana kuwa sugu huongezewa msimbo wa MG50. Kuhara damu kwa Shigella nako kumebadilishiwa anwani, kutoka A03 kwenda 1A02. Kilichobaki vilevile katika mstari huo ni ukoo ambao kijana wa Sendai aliupata kwa mama yake.